Ukisikia "fundi atapunguza", vua koti urudishe

Usilipe.

Nimesoma swali lako nikafika pale ulipoandika "mabega yamezidi kidogo ila muuzaji amesema fundi atapunguza", nikaacha ugali mezani. Mke wangu akauliza kuna msiba wapi. Nikamwambia upo, kuna kijana hapa hapa Kigoma anataka kuingia kwenye koti nililoingia mimi mwaka 2016.

Kwa mnaofika sasa hivi: mleta mada anaoa mwezi wa kumi na mbili, ana laki tatu mkononi, ameona suti ya bluu nzito duka moja la Mwanga na amepewa hadi Jumamosi aamue. Anauliza achukue hiyo ya dukani au akashoneshe, rangi iwe bluu au kijivu, viatu vyeusi au vya kahawia, na kama kuna mahali pa kukodi kwa bei inayoeleweka. Wachangiaji wanne wa juu yangu wamemjibu kuhusu rangi ya tai. Rangi ya tai! Mtu nyumba inaungua nyinyi mnamchagulia mapazia.

Mkuu, mimi nimeoa Agosti 2016, hapa hapa mwisho wa reli. Picha zipo. Ziko kwenye albamu, albamu iko kwenye begi, begi liko juu ya kabati, na ufunguo wa begi ninao mimi.

Ilikuwa hivi. Zimebaki wiki tatu, nikaenda duka moja ambalo silitaji, na usije PM kuniuliza. Niliongozana na shemeji yangu, kaka wa mchumba wangu, aliyekuwa ameshuka na treni kutoka Tabora kuja kwenye vikao vya harusi. Huyu bwana aliwahi kukaa Dar miaka miwili, basi kwenye ukoo ule yeye ndiye waziri wa mavazi. Ukinunua hata mkanda unapitia kwake. Mimi nilikuwa mtu wa jinzi na fulana, suti ya mwisho niliivaa siku ya kipaimara na ilikuwa ya kaka yangu. Kwa hiyo nilimfuata shemeji kama ndama.

Dukani bluu nzito ilibaki moja. Muuzaji akanivalisha kwa mikono yake. Hapa soma taratibu, maana hapa ndipo nilipoibiwa huku naangalia. Alinivisha koti, akanigeuza nikatazama kioo, halafu yeye akasimama nyuma yangu. Mkono wake wa kushoto ukawa begani kwangu kama baba mzazi, unapangusa vumbi ambalo halipo. Mkono wa kulia sikuuona. Kwenye kioo namwona mwanaume kashikwa kiuno na koti, kifua kimejaa, hadi nikajiogopa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ule mkono wa kulia ulikuwa umekusanya kitambaa chote cha mgongoni ukakifumba kwenye ngumi, vile unavyoshika mdomo wa gunia la mahindi wakati unatafuta kamba. Mbele nilivaa suti. Nyuma nilivaa ngumi ya mtu.

Alipoachia, nikasikia koti linashuka. Nikasema, "Kaka, mbona mabega kama yamezidi?" Akacheka kile kicheko cha kukujulisha kwamba umetoka shamba. "Bosi wangu, hayo mabega ndiyo yanakutisha? Fundi atapunguza. Kazi ya dakika kumi." Shemeji naye akadakia: "Tena chukua hiyo hiyo kubwa. Ukishaoa utanenepa, itakuja kukukaa."

Ukishaoa utanenepa. Maneno hayo nimeishi nayo miaka yote hii. Na kunenepa nimenenepa, sikatai, mke wangu anajua kuunga migebuka kwa mawese na mimi si jiwe. Nimeongeza kilo 14. Tumbo limekuja, shingo imekuja, hata vidole vimekuja, pete ya ndoa haitoki bila sabuni. Mabega yako palepale nilipoyaacha siku ile dukani. Lile la begani ni mfupa, mkuu. Nani umewahi kumwona amenenepa mfupa?

Nikatoa 220,000. Sikupunguziwa hata mia, ila nilipewa soksi.

Sasa kuhusu fundi. Muuzaji alinielekeza mwenyewe kwa "fundi wetu", kijana aliyeweka cherehani kibaraza cha pili yake. Hilo tu lingetosha kunishtua, daktari na mchonga majeneza wakigawana kibaraza, lakini nilikuwa bwana harusi, na bwana harusi akili yake iko kwenye daftari la michango. Kijana akachukua elfu 40, akaniambia nirudi baada ya siku nne.

Alifanya yote aliyoambiwa. Kiuno cha suruali alikipunguza inchi tatu na nusu, zote kupitia mshono mmoja wa nyuma, basi mifuko miwili ya makalioni ikasogeleana hadi ikawa inasalimiana. Mikono ya koti aliifupisha kwa kukata chini, vile vifungo vya pambo vikabaki ukingoni kabisa, vimejipanga kama abiria wa boti pale Kibirizi. Hayo yote ningesamehe. Suruali inafunikwa na koti, na vifungo nani anavihesabu.

Mabega ndiyo yalinimaliza. Kijana alifumua mikono, akalikata bega kwa ndani, robo tatu ya inchi kila upande, kisha akairudisha mikono ileile kwenye matundu ambayo sasa yalikuwa na umbo lingine. Pedi za ndani alizipunguza kwa mkasi. Nilipolivaa, bega la kulia lilikuwa na mikunjo kuzunguka mshono mzima kama mdomo wa mfuko wa rambo uliofungwa. La kushoto lilisimama juu ya bega langu mwenyewe kama bati lililonyanyuliwa na upepo, na chini yake kidogo kukawa na kibonde. Kibonde kabisa. Ungeweza kuweka fungu la dagaa mle na lisimwagike. Kwapani kulibana kiasi kwamba nikinyanyua mkono, koti zima linanyanyuka nao.

Nikarudi dukani. Muuzaji akanitazama, akatazama koti, akasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka nawashwa mikono: "Bosi, hapo tatizo ni fundi, mimi nimekuuzia suti nzima." Fundi aliyenipeleka yeye! Bwana, kama unasoma huu uzi, nina swali moja tu: siku ile ulinipa soksi, ulikuwa unajua, siyo?

Zimebaki siku tano, nikapanda gari kwenda Ujiji kwa mzee mmoja fundi niliyeelekezwa na jirani. Cherehani ya kukanyaga, futi kamba shingoni, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akayainua, akaniona nimelivaa. Hakuuliza nataka nini. Aliuliza, "Mwanangu, nani kakufanyia hivi?"

Akanivua koti, akalilaza mezani, akatwaa wembe na kufungua bitana pale kwapani, kipande kama cha kidole kimoja, akanivuta nichungulie. Mimi maisha yangu yote nilidhani koti ni kitambaa juu, bitana chini, basi. Kumbe mle begani kuna mji mzima. Kuna pedi ya tabaka kwa tabaka, ile iliyokuwa imenyongwa na mkasi. Kuna kitambaa kigumu kinachoanzia kifuani na kupanda hadi pale. Kuna utepe umeshonwa kuzunguka tundu la mkono ili lisitanuke. Kuna ukanda wa pamba umekaa kichwani mwa mkono wa koti ili uanguke mviringo na usilale kama soksi. Na mshono wa bega unakwenda kukutana na kola. Yaani ukivuta kimoja, vyote vinakuja.

Mzee akasema, "Koti ni nyumba. Kiuno ni ukuta, utabomoa utajenga. Mikono ni milango, utaikata chini. Bega ni kenchi. Mtu akitaka kupunguza kenchi, aezue bati lote kwanza. Huyu kakata kenchi bati likiwa juu."

Nikamuuliza kama ataweza kulinyoosha. Akasema lingeletwa zima angeweza kulifumua, ingemchukua siku kadhaa na pesa ambayo bora ningeongezea nikanunua lingine, na hata hivyo angenikatalia. Lililokatwa halina pa kurudi. Aliweka pedi nyembamba, akatuliza mikunjo kwa pasi juu ya kitambaa chenye maji, akalipuliza kama mtoto aliyeungua. Elfu 15. Nikiwa mlangoni akaniita: "Siku hiyo usinyanyue mikono."

Nilipewa mawaidha mengi ya ndoa wiki ile, kutoka kwa wazee wa pande mbili. Hayo ndiyo pekee niliyoyashika.

Hebu jaribu wewe kufunga ndoa bila kunyanyua mikono. Kanisani nilipona. Ukumbini niliingia nimebana viwiko kama mtu aliyewekewa vipimajoto makwapa yote mawili, watu wakadhani ndiyo mtindo, kuna kijana wa upande wa kwaya akaanza kuniiga. Kisha MC akasema bwana harusi apunge mkono kwa wageni waliotoka mbali. Nikapunga kiwiliwili kizima. Akasema hatujaona! Nikapunga. Koti likapanda, kola ikanipita masikioni, na kwenye picha ile kichwa changu kinachungulia kama kobe aliyesikia mvua.

Mama mkwe akamwita binti yake pembeni, akamuuliza taratibu kama ninaumwa. Siku ya mahari aliniona nina mwili, leo kaniona naogelea kwenye nguo. Wiki iliyofuata likafika dumu la asali kutoka Tabora, la kunirudishia afya. Asali ilikuwa nzuri, asali ya Tabora haina mjadala, lakini kila kijiko nilikijua kinatoka wapi.

Na shemeji? Shemeji alivaa suti ya kukodi, elfu 30, imemkaa kama aliyemiminiwa. Nimemsamehe, ni mjomba wa wanangu. Ila hadi leo tukikutana kwenye shughuli namwangalia mabega kwanza, salamu baadaye.

Mpiga picha akatupeleka stesheni, mbele ya lile jengo la Mjerumani, maana hapa kwetu bila picha ya pale watu watasema ulioa kwa siri. Reli ilifika Kigoma 1914. Jengo lile limepigwa jua na mvua za zamani zote hizo, na kwenye picha yetu lina mabega yaliyonyooka kuliko ya bwana harusi.

(Na ndiyo, lebo ilikuwa bado kwenye mkono. Ile ya kitambaa inayoshonwa juu ya kifungo. Muuzaji alisema "hiyo ndiyo heshima yake". Ile ni ya dukani, inafumuliwa siku unayoinunua, pamoja na uzi wenye alama ya X kwenye mpasuo wa nyuma. Wangu uzi ulikatika wenyewe nilipokaa kwenye kiti cha heshima, na mlio ulisikika.)

Turudi kwako. Koti lolote utakalovalishwa, la laki mbili au la laki nane, kabla hujaangalia kitu kingine chochote, angalia bega. Ule mshono unaounganisha bega na mkono uishie pale mfupa wako wa bega unapoishia. Papasa kwa kidole, utausikia. Ukiwa umeshuka kwenye nyama ya mkono, koti si lako. Ukiwa umeingia ndani kuelekea shingoni, si lako vilevile. Usijadiliane na mtu. Sijui bei nzuri, sijui imebaki moja, sijui mzigo mwingine unakuja Januari, vua koti rudisha.

Kipimo ambacho muuzaji hawezi kukuharibia ni hiki, nilifundishwa na yule mzee. Simama ubavu kwa ukuta au kwa fremu ya mlango, mikono imening'inia, sogea polepole. Mkono wako ukitangulia kugusa ukuta, sawa. Ikitangulia pedi, nenda nyumbani. Mimi lile koti pedi ilifika ukutani nikiwa bado njiani.

Kisha mwambie muuzaji aje mbele. Asimame mbele yako umwone mikono yote miwili. Kama lazima mtu asimame nyuma, awe uliyekuja naye, tena mpe simu akupige picha ya mgongo. Kola ya koti ilalie kola ya shati. Ukiona nafasi katikati ambayo kidole kinaingia, hapo pia mabega yanakudanganya. Na nenda umevaa shati utakalolivaa siku hiyo. Mimi nilijaribu juu ya sweta, asubuhi yenye baridi, ndiyo maana sikushtuka mapema.

Namba nazo zijue, kwa sababu nilipomuuliza muuzaji aliniambia "namba si hoja, zinatofautiana tu". Si kweli. Zile namba za 46, 48, 50 na kuendelea ni nusu ya mzunguko wa kifua kwa sentimita. Zidisha kwa mbili. Namba 50 ni kifua cha sentimita 100. Ukikuta zimeandikwa 38, 40, 42, hizo ni inchi za kifua, kwa hiyo 40 ya huko ndiyo 50 ya huku, ongeza kumi. Herufi inayofuata ni urefu wa koti. Mimi kifua changu kilikuwa sentimita 99. Nilinunua 54, ya kifua cha 108. Yaani nililipia sentimita tisa za hewa, juu ya ile nafasi ambayo mshonaji ameshaiacha mwenyewe ya kupumulia. Mabega yangu yana inchi 18, la koti lilikuwa 19 na nusu. Futi kamba sokoni haifiki bei ya soda kubwa, na ningekuwa nayo mfukoni siku ile, nisingekuwa naandika hapa saa nne usiku chakula kimepoa.

Mchangiaji wa tatu kasema kuna fundi Dar anapunguza bega na huoni hata alama. Sikatai, wapo, na kazi yao ina pesa yake. Wewe una laki tatu, mkuu, na uko Kigoma. Ukitoa laki mbili na nusu ya suti, hiyo elfu 50 iliyobaki haimtoi mtu wa namna hiyo hata kwenye kiti.

"Fundi atapunguza" si uongo kwa kila kitu. Kiuno cha koti anapunguza kwa mishono ya pembeni, inchi moja au mbili bila tabu. Mkono mrefu anafupisha, mradi vifungo viwe vya pambo na si vyenye matundu ya kweli. Suruali anakata pindo, na kiuno anapunguza kidogo, inchi moja na nusu hivi, kabla mifuko haijaanza kusalimiana. Kuongeza ndiyo kugumu, fungua uone ndani ya mshono umeachwa kitambaa kiasi gani. Kwa hiyo koti likikukaa begani likapwaya kiunoni, mimi nasema nunua. Likikukaa kiunoni likazidi begani, hata ukipewa bure mpe mtu mwingine.

Ushahidi huu hapa. Miaka mitatu baada ya harusi, napita kwenye mitumba soko la Mwanga natafuta viatu vya mtoto. Naona koti la kijivu limetundikwa kwenye waya, halina hata lebo, kifungo kimoja hakipo. Nikalivaa pale pale juu ya fulana, nikaenda kuegemea nguzo ya banda, watu wakanishangaa, mkono ukagusa kwanza. Elfu 18. Likapwaya tumboni kama kanzu. Nikalipeleka Ujiji kwa mzee, nikamwamkia, akalipapasa begani kabla hajaniitikia. Akapunguza kiuno, akaweka kifungo, elfu 12. Elfu 30 jumla, na hilo ndilo koti ambalo kila nikivaa naulizwa nilinunua wapi. Lile la harusi, ukijumlisha mafundi wote, lilifika 275,000, na mtu pekee aliyewahi kuniulizia ni dobi, akitaka kujua kama linarudishwa kwa mwenyewe.

Dobi huyo huyo ndiye alilimalizia. Pasi ilikuwa ya moto, gundi ya ndani ikaachia, kifua kikatoa malengelenge kama chapati juu ya kikaango. Suti nyingi za bei zetu zimegandishwa kwa gundi kifuani, hazikushonwa, kwa hiyo pasi iwe ya kiasi na pitishia juu ya kitambaa. Kuhusu lebo za "Super 150", zile za kukusifia kwamba kitambaa ni sufu laini, usizisujudie. Omba uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, uchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inakuwa jivu linalosagika. Poliesta inayeyuka na kubaki kishanga kigumu. Uzi wangu ulitoa shanga nzuri kabisa, ningeweza kumvisha binti yangu.

Kama utashonesha, jambo ni lile lile. Siku ya kujaribu iwe kabla mikono haijashonwa moja kwa moja. Mwambie fundi aipige bandi tu, ule mshono wa muda, uvae, unyanyue mikono, ukae, umkumbatie mtu. Fundi akikwambia "njoo uchukue ikiwa tayari, vipimo ninavyo", huyo na muuzaji wangu mama yao mmoja. Na awe ameshawahi kushona makoti. Wa sare za shule ni fundi mzuri wa sare za shule.

Naona uliuliza na viatu. Mkuu, sikumbuki nilivaa vya rangi gani, na siku ile hakuna mgeni aliyefika hadi huko chini.

Jumamosi nenda mapema kabla duka halijajaa. Chukua mtu, asiwe shemeji. Kaegemee ukuta, pigwa picha ya mgongoni, muuzaji akiwa mbele yako, halafu ilete hapa kabla hujatoa hata shilingi. Niko macho.